Maelekezo Yaliyoishia Kileleni

Tarehe 2 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, kisha uzigawe nyumbani kwa haki kama ulivyozoea kugawa kila kitu: kwanza mama, kwa sababu atanuna akiwa wa pili, halafu mumeo fundi saa, ambaye hatanuna lakini atauliza kwa nini salamu zimechelewa, kisha jamaa wengine wote bila upendeleo. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imelegea, na sasa nikitoka nje ninaweza kuyahisi masikio yangu yote mawili. Chumba changu kimewekewa dirisha jipya. La zamani lilikuwa halifungi, hili halifunguki. Nashukuru kwa mabadiliko.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Unajua kwamba ofisi yetu huchapisha kitabu cha mwongozo kwa watu wanaopanda miamba kwa hiari yao, bila kufukuzwa na mtu. Mhariri wetu mkuu, mama mmoja mrefu ambaye sijapata kuyaona meno yake, ameamua kwamba toleo lijalo litaje sehemu ambazo hazijawahi kuandikwa popote, na kwamba kila mfanyakazi azitafute kwao alikozaliwa. Aliuliza ni nani mwenye sehemu kama hizo. Mkono ukainuka. Nilipoufuata kwa macho hadi begani, nikakuta ni wangu.

Zinatakiwa sehemu za aina tatu: majabali mafupi, ambayo mtu huyapanda bila kamba na akianguka huumia heshima tu, miamba mirefu, na barafu iliyosimama wima. Hiyo ya tatu tuiache kwanza.

Nimekufikiria wewe kwa sababu ulikuwa mkaguzi wa shule hadi ulipostaafu, na katika ukoo wetu ni wewe pekee unayeweza kutazama kitu ukaandika ulichokiona. Wengine wangeniandikia kwamba mwamba haujambo na unanisalimu.

Ukilipata jabali lifaalo, likaguliwe hivi. Vaa viatu vinavyobana. Jipake chaki viganjani. Mguu utangulie, mkono ufuate. Macho yatafute pa kushika kabla mwili haujaomba. Usilikumbatie jiwe, halitakurudishia. Ukifika juu, kaa kitako, pumua, kisha andika unachokiona. Hayo ndiyo maelekezo yote. Nakuomba usipunguze neno wala usiongeze.

Ningekuja kuyafanya haya mwenyewe, lakini kazi unazijua. Labda mwakani.

Mpwa wako mtiifu


Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu mpendwa, nanyi nyote mliokusanyika hapa chini,

Nitangulize maelezo ili usishangae. Barua hii naisoma kwa sauti kila nimalizapo aya, kwa sababu wapo watu waliosimama hapa tangu asubuhi, na si adabu kuandika mbele ya watu wazima bila kuwaambia unaandika nini. Wakisema jambo, nitaliandika pia.

Salamu zako zilifika na zikagawiwa. Mama yako alipopokea zake alisema, "Mimi nanuna? Nani ananuna?" kisha akanuna mpaka jioni. Mume wangu aliuliza kwa nini zimechelewa. Kwa jumla nyumba ni salama. Chumba chako kipo, ila kimeingia cherehani ya mama yako, pamoja na vitambaa, pamoja na wenye vitambaa. Hatukujua tukitunze kwa ajili ya nani.

Sasa nakabidhi ripoti.

Jabali fupi la kwanza liko mbele ya ofisi ya maji. Kimo chake ni cha mtu mfupi aliyekasirika. Nilipanda hadi katikati, nikashika pua ya jiwe, na pua ile ikaniambia, "Mama, mimi nasubiri kuunganishiwa maji." Alikuwa bwana mmoja aliyekaa pale muda mrefu hata akafanana na mahali. Nimemwandika kuwa pa kushika pazuri, japo si pa kudumu. Akipata maji ataondoka.

Jabali fupi la pili liko sebuleni kwa mwalimu mkuu mstaafu. Mafundi walishindwa kulivunja, naye akaona ajenge nyumba kulizunguka. Hupandwa vizuri ukianzia kwenye kochi. Mwenyewe anaomba wapandaji wavue viatu na wasizibe televisheni wakati wa taarifa ya habari.

Mwamba mrefu ni mmoja, nao uko nyuma ya karakana ya madawati. Unaukumbuka, ulipokuwa mdogo ulikataa kuusogelea. Nilivaa viatu nilivyopewa siku ya kuagwa kazini, ambavyo vimenibana tangu hotuba ya kwanza. Chaki ninazo, maboksi mazima ambayo hakuna shule iliyoyadai, lakini nyeupe zilikwisha. Nimepanda kwa chaki ya waridi. Mtu akisimama chini anaona viganja vyangu vyote, kimoja juu ya kingine, kama mtoto aliyekatazwa kugusa ukuta.

Nimefika juu. Nimekaa kitako. Nimepumua. Ninachokiona ni hiki: bati la karakana lenye kiatu kimoja juu yake, uwanja wa shule ambao kutoka huku umepinda, na shule nitaiandikia, nyumba yetu, na mama yako mlangoni akijifanya hatazami, na mume wangu, ambaye ameleta meza yake ya kazi akaiweka chini ya mwamba.

("Mwambie nimeileta kwa sababu ya mwanga," anasema mume wangu. Nimeandika.)

("Muulize anashukaje!" amesema mmoja wa mafundi madawati. Hilo nalijia.)

Mpwa wangu, maelekezo yako niliyafuata neno kwa neno, na maelekezo yako yamekwisha. Yaliishia pale penye "andika unachokiona". Nimetazama ndani ya bahasha, nimeitikisa, nimeipasua mshono. Ukurasa unaofuata haumo. Uliniomba nisipunguze wala nisiongeze, nami sijapata kuongeza neno katika kazi ya mtu. Basi nimekaa. Nautarajia ukurasa huo kwa posta ya kawaida. Hakuna haraka isiyo ya lazima.

Barua hii inashuka kwa ndoo.

Shangazi yako


Tarehe 6 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama (ambaye hanuni na hajapata kununa), kwa fundi saa, na kwa mafundi madawati ambao sikutarajia kuwasalimu lakini naona sasa ni sehemu ya familia. Mimi ni mzima. Mvua ya huku inanyesha kwa ubavu. Nimenunua mwavuli, nao umeninusuru upande mmoja.

Ripoti yako imesomwa mbele ya ofisi nzima. Mhariri mkuu aliitikia kwa kichwa, jambo ambalo wenzangu wameliandika kwenye kalenda. Lile jabali la sebuleni limepewa nyota mbili. Ingekuwa tatu, kama si suala la taarifa ya habari. Ameuliza kama bwana wa ofisi ya maji atakuwepo hadi toleo litoke. Nikamjibu kwamba kwa ninavyoifahamu ofisi ya maji, atakuwepo.

Kuhusu ukurasa unaofuata, jambo hilo linashughulikiwa.

Niongeze kidogo, maana najua neno hilo ulilikataa katika ripoti za wakuu wa shule. Ofisi yetu iko juu ya ukumbi mkubwa wenye kuta za kupandia. Huwatazama wapandaji kupitia kioo, mchana kutwa, nikiwa na kikombe mkononi. Wanapanda, wanapanda, wanafika juu. Na pale juu kuna mlango. Wanaingia mkahawani, wanakunywa kitu, kisha wanashuka kwa lifti. Nimekaa huku muda wote huu, Shangazi, na sijamwona mtu akishuka kwa njia nyingine. Nimeona ni vizuri ulijue hilo. Natumaini hata hivyo kwamba umeshashuka.

Mhariri sasa anaulizia barafu. Nilimwambia kwetu ni joto. Akasema, "Umetafuta?" Nikasema tunatafuta.

Aligusia pia kwamba mtu aende kuthibitisha sehemu hizi kwa macho yake. Nimemwambia tutaona.

Mpwa wako mtiifu


Tarehe 3 Juni

Mpwa wangu mpendwa, mume wangu hapo mezani, mafundi, majirani, na wewe tarishi ambaye unasubiri ndoo,

Barua yako ilinifikia ikiwa na harufu ya mchuzi wa samaki wa mtu, lakini inasomeka. Salamu ziligawiwa kutokea juu, na naweza kuthibitisha kwamba salamu husikika vizuri zaidi zikiteremka. Mama yako ameuliza mwavuli ni wa rangi gani. Cherehani yake inaendelea vyema. Mume wangu anakohoa kidogo asubuhi.

("Sikohoi. Nasafisha koo," anasema mume wangu.)

Anasafisha koo kidogo asubuhi.

Sijashuka. Nimelisoma lile neno "linashughulikiwa" nikalifikiria kwa utulivu, na huku juu utulivu upo wa kutosha. Nilitafuta mlango. Nilitafuta lifti. Mwamba wetu hauna mkahawa. Natamka haya pasipo kulaumu. Naeleza tu hali ya majengo.

Wiki iliyopita alikuja mkuu wa zimamoto na gari lake lote. Yule bwana alikuwa kiranja katika shule mojawapo niliyokuwa nikiikagua, na hadi leo akinisikia husimama wima. Akapaza sauti, "Mama, tumeleta ngazi!"

"Ngazi ya nini?"

"Ya kukushushia, Mama."

"Ni nani aliyekueleza kwamba nimekwama?"

Akatazama watu, watu wakatazama viatu vyao. "Mama, kwani hujakwama?"

"Nasubiri nyaraka," nikamjibu. "Mwamba unaoshukwa kwa ngazi ya serikali ni ghorofa, na kitabu cha mpwa wangu si cha maghorofa."

Akapiga saluti, akaikunja ngazi. Kabla hajaondoka mume wangu aliiazima ngazi hiyo dakika chache akatundika saa kubwa ya ukutani kwenye ufa wa jiwe. Kwa hiyo sasa mwamba una saa. Andika hivyo kitabuni, ni huduma.

Nije kwenye barafu. Kwa kuwa mimi nina udhuru, nilimtuma mama yako. Kiwanda cha barafu kiko nyuma ya ghala la soda, na msimamizi wake ni mtu mwelewa aliyevaa makoti mawili. Mabonge hupangwa ndani ya chumba cha baridi hadi darini, wima, bila mwanya. Mama yako aliazima viatu vya mpira vyenye meno kutoka kwa golikipa wa mtaani, akabeba na nyundo mbili za mume wangu. Nyundo za fundi saa, kama ujuavyo, ni za kugongea vitu ambavyo havionekani, barafu haikuzitambua. Msimamizi akampa sululu za kiwandani. Akapanda.

("Nilipanda vizuri," anasema mama yako, aliyepita hapa kuelekea dukani. "Mwambie nilipanda vizuri.")

Alipanda vizuri. Alipokaribia dari wakaja wateja wa soda, na msimamizi, ambaye biashara haimsubiri mtu, akaanza kuuza mlima kuanzia chini. Bonge likitolewa, mama yako anateremka kiasi hicho. Likitolewa jingine, anateremka tena. Mpaka alipojikuta mlangoni, amesimama, ameaga. Anasema hakuwahi kushuka mahali kwa heshima namna ile. Sehemu hiyo hupatikana siku za kazi, umeme ukiwepo. Mwamba wangu, kwa bahati mbaya, hauna wateja.

Jumapili mama yako alikuja kunitembelea na chupa ya chai. Tulikaa, tukanywa ikiwa bado ya moto, akanisimulia habari za wenye vitambaa, akaondoka kabla giza halijaingia.

Nautarajia ukurasa.

Shangazi yako


Tarehe 27 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Salamu kwa wote. Mwavuli ulikuwa mweusi. Nasema ulikuwa, kwa sababu upepo umeupeleka mtaa mwingine. Pole kwa mume wako kwa kusafisha koo.

Nina maswali mawili, nayo yamenizuia kula vizuri. La kwanza: mama alifikaje huko juu Jumapili, na chupa ya chai? La pili: aliondokaje?

Sasa nikupe habari zangu, ingawa sikupenda zisomwe mbele ya mafundi madawati. Niliona siwezi kukuandikia ukurasa wa kitu nisichokifahamu, basi siku moja baada ya kazi niliteremka ukumbini, nikaazima viatu, nikapanda ukuta wa wanaoanza. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza, Shangazi. Najua wote huko mnaniita mpanda miamba. Mama aliwaambia hivyo wateja wake, nami nilipolisikia nikaona si vyema kumkosoa mama mbele ya wateja.

Nilifika kimo cha meza. Pale nikasimama. Sikuweza kupanda, sikuweza kushuka, na mlango wa mkahawani ulikuwa mbali kama cheo. Watu walikuwa waungwana. Mmoja aliniuliza kama nimo kwenye foleni. Mwingine alinitundikia koti, na alipoona sikatai, wengine wakamfuata. Baadaye mhariri mkuu alipita kwenda kuchukua koti lake, akanikuta chini yake.

"Unafanya nini hapo?" akaniuliza.

"Natafiti," nikasema.

Hakucheka. Alisimama karibu na miguu yangu, akanielekeza taratibu, nikashuka. Kisha akasema, "Sasa nenda kwenu ukathibitishe zile sehemu. Ruhusa nimeshaisaini." Nikamwambia nitalitafakari. Nalitafakari bado. Safari ni ndefu, na mvua zenu zinakaribia, na nikifika watu watataka nipande kitu.

Nakusihi utumie ngazi ya zimamoto. Kitabuni tutaandika chochote utakachotaka.

Mpwa wako


Tarehe 22 Julai

Mwanangu,

Hii siisomi kwa sauti. Nimewaambia watu kwamba leo ni barua ya kiofisi, wakatawanyika. Amebaki mume wangu mezani, na yeye akiwa na lenzi jichoni hasikii.

Swali lako la kwanza ni la mama yako, muulize yeye. La pili vilevile.

Pole kwa yale makoti. Mtu aliyewahi kusimama mahali bila kujua pa kuweka mguu hana sababu ya kuona haya mbele ya mafundi madawati. Kuna mmoja wao aliyeganda juu ya kabati hadi tukaliuza kabati. Na hilo la kuitwa mpanda miamba lisikusumbue. Tulijua. Mtoto aliyekuwa akishuka kitandani kwa kutanguliza tumbo hageuki hivyo kwa sababu ya kupanda ndege.

Mawingu yameanza kujipanga upande wa shule. Mume wangu alinyanyua kichwa jana, akaniambia bila kupaza sauti, "Saa zote nilizonazo hapa zinakwenda. Wewe tu ndiye uliyesimama."

Nikamjibu, "Nasubiri nyaraka."

"Unasubiri mtu," akasema. "Mwandikie neno moja tu. Mwandikie, njoo."

"Sitaandika. Mkaguzi haombi shule imtembelee."

Akaweka koleo mezani. "Basi sikiliza, mke wangu. Mvua ya kwanza ikidondoka, mimi nahamia huko juu na meza yangu na saa za watu. Zikiingia kutu, utawaeleza wewe, kwa ile sauti yako nzuri." Kisha akasafisha koo kwa muda mrefu, mrefu kuliko inavyohitajiwa na koo.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Nimelitafakari upande huu na upande ule, na nimeona kwamba sitalibadilisha neno, kwa maana uliniomba nisiongeze.

Nikwambie jingine, kwa kuwa hakuna anayesikiliza. Mwezi ule wa nne mama yako aliiomba barua yako ya kwanza aisome mwenyewe. Alipofika penye "labda mwakani" aliikunja, akanirudishia. Hakununa. Nilimtazama mpaka tulipokwenda kulala, mwanangu, nikisubiri anune.

Shangazi yako


Tarehe 19 Agosti, chini ya mwamba

Shangazi yangu mpendwa,

Barua hii inapanda kwa ndoo. Natumai itakukuta salama kwa kuwa nakuona, na naona u mzima, umekaa kwenye kiti cha darasani, na umenipa mgongo.

Nilifika asubuhi. Mama alinifungulia mlango, akanitazama kuanzia viatu, akasema, "Umekonda. Na ule mwavuli?" Kabla sijajibu alishaniwekea chakula, kisha akakaa mbele yangu akiwa amenuna, naye akanuna kwa furaha kubwa hadi sahani ikaisha. Nilipomuuliza kuhusu ile chupa ya chai alisema ana mteja.

Kisha nikaja hapa. Mumeo alinipa mkono bila kutoa lenzi. Nikamuuliza, "Yuko juu kweli, tangu mwezi wa nne?"

"Yuko."

"Na hakuna njia nyingine?"

"Mimi ni mtu wa saa," akasema, akarudi kwenye saa.

Mafundi madawati nao nimewauliza, wote kwa zamu. Kila mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana dawati halina mguu.

Basi nimeuleta ukurasa unaofuata. Sikuutuma kwa posta kwa sababu nimejifunza kwamba hauandikiki ukiwa mbali. Maelekezo yanaendelea hivi. Ligeukie jiwe. Usitazame mbali, tazama pale tu mguu unapokwenda. Mkono usiache mpaka mguu umepata. Penye shaka rudi ulipotoka, upumzike, uanze tena, hakuna anayekuhesabia. Usione haya ukitumia makalio. Na jambo la mwisho, ambalo mhariri mkuu aliniambia siku ile ya makoti, na ambalo nilisahau kukuandikia: jua kwamba chini kuna mtu.

Lakini sikuombi ushuke peke yako kwa karatasi. Nimevaa viatu vinavyobana. Nimejipaka chaki yako ya waridi niliyoikuta mezani. Kiganja chako cha kwanza hapa kwenye jiwe kiko usawa wa uso wangu, na nimeweka changu juu yake. Mumeo ameniomba nisogee mbali na meza, kwani nazitikisa saa. Napanda, Shangazi, na tukishakuwa juu sote wawili tutashuka pamoja, mimi nikitangulia chini. Wingu limeshafunika shule. Naanza.

Mpwa wako


Tarehe hiyo hiyo, nyuma ya karatasi hiyo hiyo

Mwanangu,

Toa mguu wako kwenye jiwe kabla hujaumia. Kaa hapo kwenye benchi la mafundi, umwangalizie mume wangu zile saa, na usiguse kitu.

Nakuja. Nashukia njia ya nyuma, ile yenye vidato walivyochonga wachimba kokoto, ambayo mama yako huipanda na chupa ya chai bila kumwaga tone, ambayo mume wangu huipanda kila jioni na mto wake, na ambayo mkuu wa zimamoto aliipanda na buti zake zote kuja kuniomba radhi. Maelekezo yako hayakuitaja, nami sikuongeza neno.

Andika kitabuni kwamba mwamba umethibitishwa.

Cherehani iliondolewa chumbani mwako tangu Aprili.

Shangazi yako